Barua, simu, ujumbe wa sauti au video: askari aliye vitani awasiliane vipi na nyumbani?

Kabla kikosi hakijapanda ndege, familia nyingi huagana kwa neno moja tu: "Ukifika, piga." Hapo ndipo matatizo huanzia. Amefika, hapigi. Kumbe kambi haina mtandao, au simu zimekusanywa, au yuko lindo. Nyumbani wameshaanza kuulizana. Mwingine hupiga kila usiku wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha anapelekwa kambi ya mbele ambako hakuna hata mnara, na mkewe hapati usingizi kwa sababu ya simu moja ambayo haikuingia.

Haya yanamhusu askari anayekwenda Somalia, Congo, Afrika ya Kati au Lebanoni, yanawahusu vijana wetu walioingia jeshi la Uingereza au la Marekani, na yanawahusu zaidi wale wanaobaki nyumbani. Njia ni nne: barua ya karatasi, simu ya kawaida, ujumbe wa WhatsApp (wa sauti au maandishi), na simu ya video. Kila moja ina kazi inayoiweza na kazi inayoishinda.

Tupime kwa vipimo gani?

Kasi ndiyo kipimo anachokitaja kila mtu, nami naona kinapewa uzito kuliko kinavyostahili. Cha pili ni usalama: wa maneno yenyewe, na wa mahali yanapotoka. Cha tatu ni mtandao na gharama. Cha nne ni mpokeaji: bibi asiyesoma, mtoto wa miaka minne na mke anayefanya kazi za zamu hawawezi kupokea salamu kwa njia moja. Cha tano ni kinachobaki baada ya mazungumzo kwisha. Cha sita, ambacho watu hawakifikirii mpaka kiwafike, ni ukimya: njia hii ikikatika ghafla, nyumbani watafikiri nini?

Juu ya vyote hivyo kuna amri ya kambi. Afande akisema simu zizimwe, zimezimwa, na ulinganisho huu unasubiri.

Barua ya karatasi

Ni ya polepole. Kwa posta inaweza kuchukua wiki nyingi, na kutoka baadhi ya maeneo ya misheni posta ni jina tu. Njia inayotumika kweli ni mkono wa mwenzako anayekwenda likizo: unamkabidhi bahasha, anapiga simu akifika, mtu wa nyumbani anaifuata. Njia hiyo nayo inategemea ndege. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Congo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa, na askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliokuwa huko, Watanzania wakiwemo, wakabaki makambini kwa miezi. Bahasha ya mkononi haikuwa na wa kuibeba.

Kwa usalama, karatasi haitoi mawimbi yoyote hewani, na hilo ni jambo kubwa. Ila inasomeka na yeyote itakayemwangukia. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walilijua hilo vizuri, maana barua zao zilisomwa na wakaguzi kabla ya kuondoka. Majina ya mahali, idadi ya watu na tarehe za safari vilikuwa mwiko. Ukitaka kujua kwa nini tarehe ilikuwa haitajwi, kumbuka meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, mamia kati yao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Sisemi kuna barua iliyoiponza. Nasema tarehe ya meli kung'oa nanga ilikuwa na thamani ya roho za watu, na tarehe ya msafara wako wa magari haina tofauti.

Jeshi la Uingereza lilikuwa pia na bahasha ya kijani kwa mambo ya ndani ya nyumba. Askari alitia sahihi kuapa kwamba mle ndani hamna ila mambo yake na familia yake, na ofisa wa kikosi chake hakuisoma, ingawa ingeweza kufunguliwa mbele ya safari. Leo huenda asiwepo mtu wa kuikagua barua yako. Maana yake mkaguzi ni wewe.

Gharama ni karatasi, kalamu na shukrani kwa aliyeibeba. Mpokeaji ndiye wa kumfikiria. Barua za kwetu mara nyingi husomwa kwa sauti, na msomaji huwa mtoto wa darasa la sita anayemsomea bibi yake huku mama amesimama mlangoni. Akifika kwenye maneno ya baba kwa mama, anakohoa, anaruka mistari, na kila mtu pale anajua kimeandikwa nini. Kama una la faragha, liweke kwenye karatasi yake, likunje peke yake, liandike jina lake juu.

Kwa kinachobaki, barua haina mpinzani. Watu wa zamani walisema waraka ni nusu ya kuonana, na nusu hiyo inakaa kwenye sanduku la nguo miaka 40. Tena karatasi humruhusu mtu kusema asiyoweza kuyasema kwa mdomo. Mwanamume ambaye kwenye simu anajua "poa" na "hamna shida" tu, mpe karatasi na saa moja ya kimya, ataandika kwamba alimuota mama yake. Barua pia inasamehe ukimya. Hakuna anayetegemea barua kesho, kwa hiyo isipokuja kesho hakuna anayelia.

Inamfaa mwenye kambi isiyo na mtandao, mwenye mtoto atakayetaka kumjua baba yake akiwa mkubwa, na mwenye neno zito. Haimfai mwenye jambo la kuamuliwa wiki hii.

Kuna ujanja wa kale unaoweza kurudi kazini. Mwaka 1941 Waingereza walianzisha huduma ya Airgraph kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa mbali: unaandika kwenye fomu, inapigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu inasafiri kwa ndege, na upande wa pili barua inachapwa upya kwenye kipande kidogo cha karatasi. Barua zaidi ya 1,500 ziliweza kusafiri kwa uzito usiofika gramu 200. Nawe fanya vivyo hivyo. Andika kwa mkono, piga picha ukurasa, itume siku utakapopata mtandao, na karatasi yenyewe uitunze mpaka apatikane wa kuibeba. Nyumbani wanapata mwandiko wako leo, na karatasi yako baadaye.

Simu ya kawaida

Hakuna kinachoishinda kwa kasi, wala kwa kumtuliza mtu. Mama akisikia sauti, amesikia. Hata ukimwambia uongo kwamba umekula vizuri, ameshajua kwa pumzi yako kama u mzima.

Usalama wake ndio wenye maneno mengi. Simu ya kawaida inaweza kusikilizwa, na hata isiposikilizwa, kule kuwashwa kwake tu kunaonyesha kwamba mahali fulani pana simu nyingi zimekusanyika. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, jengo lililokuwa na askari wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, lilipigwa kwa makombora. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilikiri vifo 89 na ikasema sababu kuu ni askari kutumia simu za mkononi kinyume na amri. Ulikuwa usiku wa mwaka mpya, na mtu haumizi kichwa kubuni nani alikuwa anapigiwa.

Kuna pia masikio ya karibu. Kambini hakuna chumba cha peke yako. Unaongea na mkeo, nyuma yako kombania nzima inapiga pasi nguo.

Gharama hupanda ukiwa kwenye laini ya nchi nyingine. Pasipo mnara kabisa hubaki simu ya setilaiti, kama Thuraya. Kabla ya kuitumia, waeleze nyumbani kwamba sauti yake hupanda kilomita kama 36,000 na kushuka tena, kwa hiyo huchelewa. Unasema "halo", unangoja, mama naye anasema "halo", mnagongana, na dakika ya ghali imekwisha kwa halo tupu. Mfundisheni asikilize, ahesabu moja, mbili, ndipo ajibu.

Kwa mpokeaji, simu haimbagui mtu. Inaingia kwenye kiswaswadu, au mulika mwizi kama wanavyosema Kenya, na haihitaji bando wala kusoma. Kinachobaki ni hewa. Na simu ina tabia moja mbaya: kwa kuwa dakika ni chache, mambo ya nyumbani huvamia. Ada, mabati, ng'ombe wa shemeji aliyeingia shambani. Mtu anakata simu akiwa amesuluhisha ugomvi wa mpaka na hajauliza mtoto anaendeleaje.

Kwa ukimya, simu ndiyo katili kuliko zote. Ukiwazoesha kila siku saa mbili usiku, saa mbili na nusu ni kilio. Inawafaa wazazi wazee na mambo ya kuamua: mgonjwa, hospitali, kiwanja. Haiwafai wapenzi waliogombana jana.

Ujumbe wa WhatsApp, wa sauti au wa maandishi

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wapo hapa.

Kasi yake ni ya ajabu kwa sababu haiwataki watu wawili wawe macho kwa wakati mmoja. Unarekodi alfajiri ukitoka doria, unatuma ukipata mtandao jioni, mke anasikiliza akitoka zamu. Bando lake ni dogo, na mtandao dhaifu unautosha.

Kuhusu usalama, watu wana imani iliyozidi. Ni kweli kwamba tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa, mtu wa kati asiweze kuusoma. Lakini kufuli hilo linafunga maneno tu, halifichi kwamba simu yako imewaka na iko wapi. Pia kufuli linaishia kwenye simu ya mpokeaji. Shemeji akiusambaza kwenye kundi la ukoo lenye watu 120, ni wa watu 120. Zimeni kushiriki mahali mlipo. Saa za mazoezi nazo zitazamwe: Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilikuwa inaonyesha wazi njia ambazo wanajeshi walikimbilia ndani ya kambi zao.

Mpokeaji anapata raha mbili. Bibi asiyesoma anasikiliza sauti, na anairudia. Mtoto mdogo ndiye anayenufaika kuliko wote: hadithi fupi ya kulala iliyorekodiwa na baba, ikiwa na jina la mtoto mwenyewe ndani yake, itachezwa mpaka kila mtu ndani ya nyumba aikariri.

Kinachobaki? Watu hudhani kila kitu kinabaki. Simu ikiibwa au ikianguka chooni, bila nakala iliyohifadhiwa, sauti zote zimekwenda. Na kama mmewasha ujumbe unaojifuta wenyewe, utajifuta. Mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuhamishia sauti muhimu kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu kila mwezi. Pia tenganisheni mambo: kundi la familia ni la salamu, na la mke na mume ni lao.

Ukimya wake una sura mbili. Tiki moja ya kijivu hueleweka: simu yake haina mtandao. Tiki mbili za bluu bila jibu ndizo zinazoleta vita nyingine. "Baba Neema, umesoma tangu asubuhi, mbona kimya?" Kumbe aliusoma akiwa anapanda gari. Zima tiki za bluu kabla hujaondoka, na uwaambie umezizima kwa nini.

Inawafaa wenye saa zisizolingana na wenye watoto wadogo. Haimfai anayeropoka akiwa na hasira, kwa sababu sauti ya hasira nayo inarudiwa.

Simu ya video

Video hula bando, na inataka mtandao ulio imara. Ikikwama, mama anabaki anatazama uso wa mwanawe ulioganda mdomo wazi, na hiyo si picha ya kwenda nayo kitandani.

Kwa usalama inaonyesha kuliko inavyosema: ukuta wa magunia ya mchanga, gari nyuma, ramani, sare ya mwenzako wa nchi nyingine, kilima kinachotambulika. Kaa ukiupa mgongo ukuta mtupu. Na nyumbani wasipige picha ya kioo wakaiweka stetasi, hata kama amependeza.

Mpokeaji anayefaidika ni mtoto ambaye bado anajifunza sura, na mama aliyejifungua baba hayupo. Ila mtoto wa miaka miwili hukimbia baada ya dakika moja, na baba anabaki akitazama dari, asivunjike moyo. Wazazi wengine huzidisha huzuni kwa video, kwa kuwa wanaona amekonda. Kinachobaki ni kumbukumbu kichwani. Kwa ukimya ina ubaya ule ule wa simu, labda zaidi, maana asiyeonekana huzidi kuwaziwa.

Inafaa kwa siku maalumu: sikukuu, kuzaliwa kwa mtoto, harusi ya dada. Kwa kila siku, wengi inawachosha pande zote mbili.

Kabla hujachagua, kubalianeni kuhusu ukimya

Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa na kadi iliyochapwa sentensi tayari: mimi ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako. Askari alizikata kwa kalamu zile zisizomhusu, akatia sahihi na tarehe. Aliyeongeza neno lake, kadi iliharibiwa. Ni kadi kavu isiyo na mahaba, lakini iliondoka haraka na ilisema jambo moja ambalo nyumbani walilitaka. Tengenezeni ya kwenu: neno moja au alama moja, itumwe kila inapowezekana, hata kama ni mara moja kwa wiki. Mazungumzo yaje juu yake, yakipatikana.

Halafu ahadi yenyewe iwe legevu. "Nitapiga kila Jumapili" ni ahadi mbaya. "Zikipita wiki tatu bila neno, ulizeni kikosini kwa namba hii" ni bora, kwa sababu inawapa watu wa nyumbani kitu cha kufanya na siku ya kukifanya. Hakikisha jina na namba ya ndugu uliyemwandikisha jeshini ni sahihi. Wapo walioandika namba ya laini iliyokufa.

Na habari mbaya zina mbio kuliko taarifa rasmi. Al-Shabaab walipovamia kambi ya Wakenya ya El Adde, nchini Somalia, tarehe 15 Januari 2016, picha za maiti zilisambaa mitandaoni wakati familia nyingi bado hazijajua lolote, mpaka serikali ikaonya watu waache kuzisambaza. Kubalianeni mapema kwamba picha za kundi la WhatsApp hazifunguliwi wala hazipelekwi kwa mama, na kwamba mtu mmoja tu, mwenye moyo mgumu kidogo, ndiye atakayefuatilia.

Kwa hali yako

Kambi ya mbele, mtandao hakuna: andika barua kidogo kidogo, kama daftari, utume picha za kurasa ukirudi makao makuu. Wapatie nyumbani neno la makubaliano kupitia yeyote anayeteremka.

Mama mzazi ana kiswaswadu na hasomi: simu fupi, mara chache, saa yoyote isiyo maalumu. Usimpe ratiba.

Mke ni mjamzito au amejifungua: ujumbe wa sauti kwa kila siku, video kwa mtoto. Maamuzi ya hospitali yasikungoje. Muachie mtu wa karibu ruhusa na pesa kabla hujaondoka.

Watoto wanasoma shule: barua, kila mtoto yake, hata ya mistari sita. Mtoto wa miaka tisa akipata bahasha yenye jina lake pekee, ataipeleka darasani. Wajibu kwa karatasi pia. Mchoro wa mtoto hukunjwa ukaingia mfukoni mwa shati.

Umeona mambo ambayo hutaki kuyasema, na hutaki kudanganya: karatasi, na usiitume siku ile ile. Isome kesho. Ukiona bado ni ya kutumwa, itume kwa mtu mzima mmoja, kaka au rafiki aliyewahi kuwa jeshini, usimtumie mama. Kama usiku haupiti bila mambo hayo kurudi, mtafute daktari au kiongozi wa dini wa kikosi. Hiyo ni kazi yao.

Uko nyumbani na hujui umwandikie nini: mwandikie madogo. Mvua imenyesha, kuku wametotoa, timu yake imefungwa tena, fundi amekula pesa ya dirisha. Matatizo yanayoweza kungoja, yangoje.

Nyumbani pametokea msiba: hapa usitumie ujumbe wa sauti, wala kundi la familia, wala stetasi yenye picha ya marehemu. Piga kikosini kwanza, umpate kiongozi wake, aitwe, aketi, awe na mwenzake karibu, bunduki iwe imewekwa pembeni. Kisha mtu mmoja wa nyumbani aliyekubaliwa apige simu ya kawaida na amwambie kwa sauti yake.